Nusu Bega la Bandia: Linamsaidia Nani, na kwa Muda Gani?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu swali ambalo miaka ya nyuma hatukulisikia katika hospitali za misheni, lakini siku hizi tunaulizwa. Familia inafika na bahasha ya picha za eksirei na barua ya daktari bingwa wa mifupa. Mama ameumwa bega miaka mingi. Hawezi kujifunga kanga, hawezi kusuka nywele, na usiku hapati usingizi kwa upande huo. Daktari ameandika kwamba anaweza kuwekewa nusu bega la bandia. Kijana wake aliye Uarabuni yuko tayari kuchangia, na nyumbani wanazungumza juu ya kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili apelekwe mji mkubwa, au hata India. Wanatuuliza: Je, atapona? Litadumu miaka mingapi? Fedha yetu haitapotea bure?

Hospitali kama yetu haifanyi upasuaji huu. Sisi wauguzi humpokea mgonjwa kabla ya safari, na humpokea tena akirudi na kovu begani. Kwa hiyo yafaa tueleze mambo yanayojulikana, ili kila familia iamue ikiwa na macho wazi.

BEGA LIMEUMBWAJE?

Bega ni kiungo chenye uhuru kuliko viungo vyote vya mwili. Mfupa wa juu wa mkono una kichwa cha mviringo kama chungwa. Kichwa hicho hakiingii ndani ya shimo refu kama ilivyo kwenye nyonga, bali hukaa juu ya kisahani kidogo cha mfupa kilicho pembeni mwa bapa la bega. Hebu fikiri chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Ndiyo maana mkono huweza kuzunguka kila upande, na ndiyo maana pia bega hutoka mahali pake kwa urahisi.

Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne inayolizunguka bega, pamoja na kano zake. Misuli hii hukishika kichwa cha mfupa na kukibana juu ya kisahani wakati mkono unapoinuliwa. Kichwa na kisahani vyote viwili vimefunikwa kwa gegedu, yaani ule utando mgumu, mweupe na laini tunaouona kwenye maungio ya mifupa ya kuku au mbuzi. Gegedu ikiwa nzima, mifupa huteleza bila maumivu.

LINAHARIBIKAJE?

Watu wengi huita maumivu yote ya viungo "baridi yabisi". Lakini magonjwa ni zaidi ya moja, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa habari ya upasuaji.

Kwanza, kuna kulika kwa kiungo kunakokuja na umri, au baada ya kuumia zamani. Gegedu huchakaa polepole mpaka mfupa unasugua mfupa.

Pili, kuna baridi yabisi yenyewe, ambayo ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Huvimbisha viungo vingi kwa pamoja, hasa vya vidole, na mara nyingi huharibu pia kano za bega.

Tatu, kuna kufa kwa kichwa cha mfupa kwa kukosa damu. Jambo hili latugusa sana, kwa sababu selimundu ni chanzo chake kimojawapo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo huzaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Chembe za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo inayolisha mfupa. Mara nyingi nyonga ndiyo inayoanza, kisha bega. Pia dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni, zikitumiwa muda mrefu bila daktari, huweza kuua kichwa cha mfupa. Wako watu wanaozinunua dukani ili wanenepe au ili maumivu yatulie upesi. Twawasihi waache.

Nne, kuna kifua kikuu cha mifupa na usaha wa kiungo. Hivi havitibiwi kwa kuweka chuma. Ni lazima viponywe kwanza kwa dawa zake. Mgonjwa mwenye homa, jasho la usiku, kupungua mwili na bega lililovimba apimwe kifua kikuu kabla ya jambo lingine lolote.

NUSU BEGA NI NINI?

Katika upasuaji huu daktari hukata kichwa cha mfupa kilichoharibika na kuweka mahali pake kichwa cha metali kilicholainishwa sana. Mara nyingi kichwa hicho kina mguu wa metali unaoingizwa ndani ya uwazi wa mfupa wa mkono. Kile kisahani cha upande wa pili huachwa kama kilivyo. Kwa hiyo chungwa ni jipya, lakini kisahani ni cha zamani. Ndiyo maana linaitwa nusu bega.

Katika bega zima la bandia, kisahani nacho hufunikwa kwa kisahani cha plastiki ngumu. Ipo na aina ya tatu, bega la kinyume. Hapo tufe huwekwa upande wa bapa la bega, na kikombe huwekwa upande wa mkono. Aina hii ni kwa wale ambao kano zao zimekatika, kwa sababu mkono huinuliwa kwa msuli mkubwa wa nje badala ya ile misuli minne.

LILITOKA WAPI?

Bega la bandia la kwanza linalojulikana liliwekwa Paris mwaka 1893 na daktari Jules Émile Péan. Mgonjwa alikuwa mwoka mikate aliyekuwa na kifua kikuu cha bega. Kiungo kile kilitengenezwa kwa platini na mpira. Baada ya muda wa miaka miwili hivi ilibidi kitolewe, kwa sababu ugonjwa ulikuwa bado umo ndani. Hilo ni somo la zamani ambalo halijaisha nguvu: chuma hakikai salama penye vijidudu.

Nusu bega la siku hizi lilianzishwa na daktari Charles Neer wa New York. Katika miaka ya 1950 alianza kulitumia kwa watu waliovunjika vibaya kichwa cha mfupa wa mkono, kisha akalitumia kwa mabega yaliyolika. Mwaka 1974 alitoa taarifa yake kuhusu mabega hayo. Bega la kinyume lilibuniwa na daktari Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, mwaka 1985.

Kwa miaka mingi madaktari wengi walilipenda nusu bega. Upasuaji wake ni mfupi zaidi, gharama ni ndogo zaidi, na hakuna kisahani cha plastiki kinachoweza kulegea baadaye. Sababu hizi ni za kweli. Lakini yafaa kuuliza: wagonjwa wenyewe waliendeleaje?

JE, MAUMIVU HUPUNGUA?

Ndiyo, kwa walio wengi hupungua. Mgonjwa aliyekuwa anakesha huanza kulala. Mkono huinuka zaidi kuliko ulivyoinuka kabla. Katika mwaka wa kwanza na wa pili wengi hushukuru.

Hata hivyo, nusu bega lilipolinganishwa na bega zima, tofauti ilionekana. Huko Houston, Marekani, daktari Gartsman na wenzake walitoa taarifa mwaka 2000 juu ya mabega 51 yaliyolika. Aina ya upasuaji ilichaguliwa kwa bahati nasibu, ili kusiwe na upendeleo. Baada ya wastani wa karibu miaka 3, waliowekewa bega zima walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Watatu kati ya waliowekewa nusu bega walikuwa wamekwisha kurudishwa chumba cha upasuaji ili wawekewe na kisahani. Fedha kidogo iliyookolewa mwanzoni iliishia kulipia upasuaji wa pili uliokuwa ghali zaidi.

Huko Kanada, mwaka 2005, ilitolewa taarifa ya wagonjwa 42 waliogawanywa kwa njia hiyo hiyo. Baada ya miaka 2 hali ya maisha ya makundi mawili haikutofautiana sana. Hapo tunaona kwamba katika miaka ya mwanzo nusu bega linaweza kwenda sambamba na bega zima. Tofauti huonekana zaidi miaka inapozidi kwenda.

LINADUMU KWA MUDA GANI?

Hospitali ya Mayo, huko Rochester, Marekani, iliwafuatilia wagonjwa wenye umri wa miaka 50 au pungufu. Taarifa yao ya mwaka 1998 ilihusu nusu mabega 74 na mabega mazima 34. Walikadiria kwamba, baada ya miaka 10, nusu mabega 83 kati ya kila 100 yalikuwa bado yamo mwilini. Baada ya miaka 15 yalikuwa 73 kati ya 100. Kwa mabega mazima, hesabu ilikuwa 97 baada ya miaka 10 na 84 baada ya miaka 15.

Ukisoma haraka utasema: 83 kati ya 100, si mbaya. Lakini taarifa hiyo hiyo ilisema kwamba karibu nusu ya wagonjwa wote, wa aina zote mbili, hawakufikia kipimo cha matokeo ya kuridhisha, ingawa maumivu yao yalikuwa yamepungua. Basi twende polepole hapa, maana ndipo familia nyingi hukosea. Kiungo "kudumu" maana yake ni kwamba hakijatolewa. Haina maana kwamba mgonjwa hana maumivu. Mzee wa miaka 75 ambaye bega lake limeanza kuuma tena anaweza kukataa upasuaji wa pili, au akakosa uwezo wa kuulipia. Katika hesabu bega lake huandikwa kuwa limedumu, lakini yeye usiku halali.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka New York. Mwaka 1997 daktari Levine na wenzake walitoa taarifa ya nusu mabega 31. Wagonjwa ambao kisahani chao kilikuwa kimelika sawasawa pande zote walifanya vizuri: 86 kati ya 100 walikuwa na matokeo ya kuridhisha. Wale ambao kisahani chao kilikuwa kimelika upande mmoja, kama soli ya kiatu iliyokwisha upande, walikuwa 63 tu kati ya 100. Kisha wagonjwa hao walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 17, na taarifa ikatolewa mwaka 2012. Safari hii walioridhika na bega lao walikuwa robo tu.

KWA NINI MAUMIVU HURUDI?

Sababu yake si vigumu kuielewa. Fikiri mchi wa chuma unaotwanga katika kinu cha mti. Mchi hauchakai, kinu ndicho kinacholika. Kichwa cha metali ni kigumu kuliko mfupa, na kisahani kimekwisha kupoteza gegedu yake. Kila mkono unapozunguka, metali husugua mfupa. Mwaka hadi mwaka kisahani huchimbika, mara nyingi zaidi upande mmoja, na maumivu hurudi.

Tena, kisahani kikiisha kuchimbika sana, kubadilisha nusu bega kuwa bega zima huwa kazi ngumu. Mfupa uliobaki ni mdogo wa kushikia plastiki. Wagonjwa wa upasuaji wa pili, kwa wastani, hawapati nafuu kama wale waliowekewa bega zima tangu mwanzo. Kwa hiyo usemi wa "tuanze na nusu, tutamalizia baadaye" si sahihi kama unavyosikika.

Kwa sababu hizo ushauri wa wataalamu umebadilika. Chama cha madaktari bingwa wa mifupa cha Marekani kilipendekeza bega zima badala ya nusu kwa bega lililolika, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 na tena wa mwaka 2020. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2020 nao unasema hivyo hivyo, mradi kano za bega ni nzima na mfupa wa kisahani unatosha.

LINAMFAA NANI?

Msielewe kwamba nusu bega halina kazi tena. Wako watu ambao kwao bado lina maana.

Kwanza, mgonjwa ambaye kichwa cha mfupa kimekufa lakini kisahani bado kina gegedu yake. Hapa ndipo wanapoingia baadhi ya vijana wetu wenye selimundu, kama wameonwa mapema. Kukawia ni hasara, kwa sababu kichwa kilichobonyea husugua kisahani mpaka nacho kinaharibika.

Pili, mgonjwa ambaye mfupa wa kisahani chake umelika sana hata hakuna mahali pa kushikia plastiki.

Tatu, baadhi ya watu waliovunjika kichwa cha mfupa vipande vingi, ingawa kwa wazee wengi siku hizi bega la kinyume hupendelewa.

Nne, watu wa umri mdogo wenye kazi nzito, ambao plastiki yao ingelegea mapema. Kwao madaktari bado wanatafuta njia bora. Huko Seattle, Marekani, wako wanaokichonga kisahani kikawa laini na cha mviringo, kisha wanaweka kichwa cha metali bila plastiki. Njia hiyo huhitaji mazoezi mengi sana baada ya upasuaji. Kwingineko kichwa hutengenezwa kwa kaboni ngumu, ambayo hausugui mfupa kwa ukali kama metali. Daftari la taifa la viungo bandia la Australia limeonyesha kwamba, kwa watu wa chini ya miaka 55, vichwa hivyo vimehitaji kurudiwa kwa uchache zaidi katika miaka ya kwanza. Miaka ya kuvifuatilia bado ni michache.

KUNA HATARI GANI?

Hakuna upasuaji usio na hatari. Vijidudu vinaweza kuingia. Si jambo la kawaida, lakini likitokea ni zito, kwani huenda kiungo kikabidi kutolewa. Vijidudu vya ngozi ya kwapa na bega huweza kukaa kimya miezi mingi kabla ya kujionyesha. Mshipa wa fahamu unaweza kuumizwa. Kano iliyoshonwa inaweza kukatika. Mfupa unaweza kuvunjika mgonjwa akianguka. Bega linaweza kukakamaa.

Hatari hizi huongezeka kwa mwenye kisukari kisichotulia, kwa mvutaji sigara, na kwa mwenye upungufu wa kinga asiyetumia dawa zake. Haya yote yatengenezwe kwanza. Mwenye jino lililooza au kidonda kilichotunga usaha atibiwe kabla ya kusafiri. Mwenye selimundu aeleze hali yake mapema, ili apewe maji ya kutosha, asipate baridi, na damu iwe tayari. Nusukaputi kwake inahitaji uangalizi wa pekee.

KAZI ILIYOBAKI NYUMBANI

Hapa ndipo familia inapoweza kuokoa au kuharibu kazi ya daktari. Ili kulifikia bega, daktari kwa kawaida hufungua kano ya mbele, kisha huishona tena. Kano hiyo huhitaji majuma kadhaa ili ishike. Kwa hiyo:

Mgonjwa avae kitambaa cha kutegemeza mkono kwa muda aliopangiwa, ambao mara nyingi ni majuma 4 hadi 6. Asikivue kwa sababu wageni wamekuja.

Asijiinue kitandani au kitini kwa kuusukuma mkono uliopasuliwa. Asiuzungushe kuelekea nje, wala asiupeleke nyuma ya mgongo, mpaka aruhusiwe.

Afanye mazoezi aliyofundishwa, kila siku, hata kama yanauma kidogo. Mwanzoni mkono huachwa uning'inie na kuyumba polepole, au huinuliwa kwa msaada wa mkono mwingine. Baadaye huinuliwa kwa nguvu zake wenyewe. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko vichezeshwe tangu siku ya kwanza.

Asiendeshe gari wala pikipiki mpaka daktari aseme. Asichote maji kwa ndoo, asitwange, asilime wala asipasue kuni. Hata baada ya kupona, kubeba mizigo mizito na kupiga jembe kwa nguvu kutafupisha maisha ya kiungo. Jambo hili lizungumzwe kabla ya upasuaji, si baada yake. Mama anayeishi peke yake na kulima shamba lake ajue ni nani atakayemlimia mwaka huo.

Nafuu huendelea kuongezeka mpaka mwaka mmoja. Msikate tamaa katika mwezi wa pili.

Mkiona kidonda kinatoa maji au usaha, homa, bega linavimba na kuwa jekundu, mkono umekufa ganzi, au maumivu yaliyokuwa yameisha yanarudi ghafla, njooni hospitali mara moja. Msianze dawa za kuua vijidudu kwa kununua dukani, kwa sababu huficha ugonjwa na kumpoteza daktari. Na ile kadi yenye aina ya kiungo na tarehe ya upasuaji itunzwe pamoja na vyeti vya nyumba. Siku kiungo kikihitaji kurudiwa, daktari atakayekuwapo ataitaka.

KABLA YA KUUZA SHAMBA

Haya ndiyo maswali tunayowashauri mwende nayo kwa daktari bingwa. Yaandikeni kwenye karatasi.

Ugonjwa wa bega hili ni upi hasa: kulika, baridi yabisi, kufa kwa mfupa, au vijidudu?

Kisahani kiko katika hali gani, na kimelika sawasawa au upande mmoja?

Kano za bega ni nzima?

Kwa nini mnapendekeza nusu, na si bega zima au la kinyume? Kama jibu ni hali ya mfupa wa mgonjwa, hilo ni jibu la haki. Kama jibu ni bei tu, ulizeni tofauti ya bei ni kiasi gani, na mkumbuke gharama ya upasuaji wa pili.

Je, daktari huyu hufanya upasuaji wa bega mara kwa mara? Bega si goti wala nyonga. Anayelifanya mara nyingi hulifanya vizuri zaidi.

Nani atafuatilia mazoezi mgonjwa akirudi nyumbani? Nauli ya kurudi kuonwa imehesabiwa?

Mgonjwa mwenyewe anataka nini? Mara nyingine watoto wanatamani mama afanyiwe upasuaji, na mama anataka usingizi tu. Aulizwe yeye, na apewe nafasi ya kujibu bila kuharakishwa.

NA WASIOFANYIWA UPASUAJI?

Wengi wa wasomaji wetu hawatafanyiwa upasuaji huu, na si lazima wafanyiwe. Bega si kiungo cha kubebea mwili kama goti. Wengi huishi nalo vizuri likitunzwa. Mazoezi mepesi ya kila siku huzuia kukakamaa. Kitambaa cha maji ya moto hutuliza. Parasetamoli kwa kipimo sahihi husaidia. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zitumike kwa muda mfupi na kwa ushauri, kwa sababu huchoma tumbo na kudhuru figo, hasa za wazee. Sindano ya ndani ya kiungo, ikichomwa na mtaalamu, huweza kuleta nafuu ya muda. Vyombo vya kila siku vishushwe kutoka rafu ya juu. Mwenye baridi yabisi yenyewe ana dawa zake maalumu zinazozuia ugonjwa, naye asikubali kuambiwa kwamba ni uzee tu.

Wazazi wenye mtoto wa selimundu, msingoje mpaka ashindwe kuinua mkono. Mhudhurishe kliniki, anywe maji mengi, atumie dawa zake, na akilalamika maumivu ya bega au nyonga yasiyoisha baada ya majuma machache, ombeni apigwe picha.

Mwishowe, maumivu ya bega la kushoto yanayokuja ghafla pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi si ya bega. Huenda ni moyo. Hapo msitafute mafuta ya kuchua, tafuteni usafiri.

Kwa kifupi, ndugu wasomaji, nusu bega la bandia hupunguza maumivu kwa wengi, lakini kwa bega lililolika pande zote mbili nafuu hiyo mara nyingi hupungua miaka inavyokwenda, na bega zima limeonekana kuwa bora pale linapowezekana. Kwa wachache waliochaguliwa vizuri, nusu bado ni msaada wa kweli. Haraka haraka haina baraka. Wenye barua ya daktari mkononi na ambao bado hawajaielewa, waje nayo kliniki pamoja na picha zao, tuisome pamoja kabla mnunuzi wa shamba hajaitwa.